Punda Hana Huzuni
Mazungumzo na wafasiri vijana, Siku ya Kiswahili Duniani

Shikamooni wakubwa wangu. Na nyie wadogo, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika ishirini pamoja na onyo: nisianze hadithi zangu za kamusi, maana nikianza hatutakula. Nimekubali, ingawa moja itanitoka, nawaomba radhi mapema.

Nimeombwa niseme juu ya ugumu wa kufasiri hisia. Sasa, hisia ni bahari, mimi nina ngalawa. Nimechukua neno moja tu la Kiairishi, neno la unyonge na ukiwa, ambalo lilinisumbua miaka sita na bado linanisumbua. Linaandikwa dearóil. Litamkeni kama "dyarool", hiyo l ya mwisho iwe laini, ulimi uguse juu kidogo kama vile unataka kutia i halafu umeghairi. Haya, vizuri. Bwana wa pale nyuma ametamka kama mtu wa Connemara kabisa, kule magharibi mwa Ireland.

Wengi wenu mnajua kwamba nilikwenda Ireland kutafuta maisha, sikwenda kusoma isimu. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, magharibi mwa nchi, upande wa Galway, karibu na kijiji cha An Spidéal kinachoitazama bahari. Kazi ilikuwa kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, na kusikiliza. Hiyo ya mwisho haikuandikwa kwenye mkataba, lakini ndiyo iliyochukua saa nyingi. Sehemu ile ni Gaeltacht, maana yake eneo ambalo Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani. Redio ya pale jikoni ilikaa siku nzima kwenye Raidió na Gaeltachta, idhaa iliyoanza kurusha matangazo yake 1972. Nilijifunza majina ya samaki na ya marehemu kabla ya kujua kusema "naomba maji", kwa sababu redio ile ilisoma matangazo ya vifo kila siku na wazee walinyamaza kimya kuyasikiliza.

Niwape picha ya lugha yenyewe. Katiba ya 1937 inasema Kiairishi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Katika sensa ya 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanakijua. Lakini ukiuliza ni nani anakisema kila siku nje ya darasa, wanabaki kama 72,000. Sisi tuliozoea Kiswahili kusukumana nacho kwenye daladala, hesabu hiyo ni ngumu kuielewa.

Siku ya kwanza kulisikia neno hili ilikuwa Novemba, alasiri, na mvua ya kule. Lazima niseme mvua ipi, maana wenzetu wana nyingi. Hii ilikuwa ceobhrán, na ceo ni ukungu. Basi ni rasharasha isiyoanguka, inaning'inia tu hewani, ukitoka inakulowesha bila wewe kuona tone. Nilikuwa nimemkalisha mzee mmoja dirishani, blanketi magotini. Mbele ya dirisha kuna shamba dogo lililozungushiwa ukuta wa mawe makavu, yamepangwa tu bila udongo wala saruji, upepo unapita katikati. Na ndani ya shamba, punda. Amesimama ameupa upepo makalio, masikio yamelala, manyoya yameshikana kwa maji yakachora mbavu. Hakuwa akila. Alikuwa amesimama tu, kama vile kuna mtu kamwambia asubiri hapo akasahauliwa.

Mzee akasema, "Nach dearóil an créatúr é." Créatúr nilimwelewa, ni kiumbe. Dearóil sikuielewa. Nikadhani ni "kulowa".

Baadaye, giza likiingia, na kule Novemba giza linaingia saa kumi na moja jioni, nilikuja kufunga mapazia. Akatazama nje mara ya mwisho akasema, "Lá fuar dearóil." Siku ya baridi, na lile neno tena. Nikasema aha, basi ni "mvua". Usiku nikamvua shati ili nimsafishe. Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, vidole vikazunguka kifundo vikapitana, vikabakiza nafasi. Huyu alikuwa mvuvi. Akautazama ule mkono kama mali ya mtu mwingine, akasema lile neno. Hapo ndani kulikuwa na joto na hapakuwa na tone la mvua.

Nilipompigia mama simu Jumapili, nikamsimulia habari za punda. Mama yangu ni mtu wa Makete, na mnaoijua Makete ya Juni na Julai, ukungu na barafu nyeupe kwenye majani asubuhi, mnajua kwamba mambo ya baridi huwezi kumdanganya. Nikamwambia, "Mama, mzee kasema punda ana huzuni." Mama akanyamaza kidogo. "Punda ana huzuni gani? Kafiwa?" Nikamweleza tena: amesimama, masikio chini, mvua, halali wala hali chochote. Akasema, "Mwanangu, punda hana huzuni. Huyo amenyong'onyea."

Ndugu zangu, mimi nina cheti cha ukalimani, na mama yangu aliishia darasa la nne. Haya.

Nilipokuja kufungua kamusi nikakuta maana zimesimama foleni: kitu kidogo cha umbo, dhaifu, kisicho na nguvu, kisha mtu duni, fukara, asiye na hadhi, kisha mahali au siku ya baridi, iliyo tupu, isiyo na faraja. Kutoka hapo linatengenezwa jina, dearóile, hali yenyewe. Na katika Kiairishi cha kale, ambako liliandikwa deróil, kitovu chake kilikuwa udogo: kitu hafifu, kisichohesabiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Nilikuwa natafuta neno la moyoni, kumbe hili ni neno la kipimo. Dearóil ni udogo wa kitu kinapokuwa chini ya mbingu kubwa iliyo baridi. Punda yule mbele ya ule upepo alikuwa mdogo. Mkono ule ulikuwa mdogo kuliko kazi ulizofanya. Siku nayo, saa nane au tisa tu za mwanga na mwanga wenyewe wa kijivu, ilikuwa siku ndogo.

Huzuni wanayo kivyao, nayo wanaiita brón. Na tazameni wanavyoisema: tá brón orm, yaani kuna huzuni juu yangu. Njaa hivyo hivyo, tá ocras orm, njaa iko juu yangu. Sisi tunasema nina njaa, niko na njaa, tunaishika mkononi kama kikapu. Wao imewakalia mabegani. Kisha hiyo hiyo tá brón orm ukimkanyaga mtu kwenye basi ndiyo "samahani". Lakini dearóil haikukalii juu. Unakuwa hivyo. Tá sé dearóil, yu dearóil. Sisi tunao mlango huo huo, isipokuwa tumeuacha ushike kutu: kuna "yu hoi" na kuna "ni mvivu". Ile yu ni ya hali, inapita. Mtu akikuuliza "mbona mnyonge leo?" hakutukani. Akisema "wewe ni mnyonge", hapo mtaonana.

Basi mmeshaona ninakoelekea. Neno letu lililo jirani kabisa na dearóil ni mnyonge. Mnyonge wa mwili: aliyekonda, asiye na nguvu. Mnyonge wa mfuko: fukara. Mnyonge wa cheo, ambaye mnyongeni lakini haki yake mpeni. Na mnyonge wa uso, aliyekaa pembeni kwenye harusi. Maana nne katika neno moja, na Mwairishi ukimpangia hizo atatikisa kichwa, anazijua zote. Isipokuwa anakuuliza: na shamba je?

Hapo ndipo tunapokwama. Kwa mahali tuna neno jingine zuri mno, ukiwa. Waliofasiri Biblia ya Union walilitumia kwenye mstari wa pili tu wa Mwanzo, "nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu," na sijui kama lugha nyingine yoyote imeupata mstari ule vizuri hivyo. Lakini ukiwa ni kuachwa. Mkiwa ni aliyebaki peke yake, na nchi ya ukiwa ni iliyohamwa. Dearóil haihitaji kuachwa. Nyumba inaweza kuwa na watu tisa ndani na ikawa dearóil.

Wenzetu nao wana neno lingine la mahali peupe panapopigwa na upepo, sceird, na sifa yake sceirdiúil. Nje ya pwani ya Connemara kuna miamba inaitwa Na Sceirde, na jina limewakaa kweli, mawimbi hayalali pale. Ndiyo maana kuna waliopanga kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo karibu nayo. Sasa, sceirdiúil unaweza kuisema kwa furaha, unasimama juu ya mwamba upepo unakupeperusha koti unasema lo, panapendeza. Dearóil huwezi kuisema huku unatabasamu. Nimejaribu. Mzee alinikatalia.

Nilikuja kuielewa vizuri zaidi barabarani. Machi mmoja wenzangu wa kazini walinipakia kwenye gari tukaenda Mayo, wilaya ya kaskazini, kwenye bonde la Doolough. Jina hilo ni ziwa jeusi. Barabara ni nyembamba, inapita kati ya maji na mlima, na juu yake amekaa Mweelrea, mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Connacht. Kando ya barabara kuna msalaba wa jiwe, hauna makuu. Tulisimama, na sikuweza kusimama wima kwa upepo.

Mwaka 1849, mwisho wa Machi, njaa kuu ilikuwa mwaka wake wa nne. Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Mamilioni ya wakulima waliishi kwa viazi, na viazi vilioza ardhini kwa ugonjwa wa ukungu kuanzia 1845. Wakati huo huo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa. Katika mji mdogo wa Louisburgh, watu waliokuwa wakipokea msaada waliambiwa wajitokeze wakaguliwe, ionekane kama bado wanastahili. Wakaguzi hawakukaa pale. Walikwenda kulala Delphi, kwenye nyumba ya kuwindia ya mabwana, karibu kilomita 20 mbele ndani ya bonde, na watu wakaambiwa wawafuate huko asubuhi, la sivyo majina yatafutwa. Wakatembea. Wenye njaa, wenye watoto, kwa miguu, baridi na mvua. Masimulizi ya wenyeji yanasema walipofika waliambiwa wangoje kwanza wakubwa wamalize kula. Kisha hawakupewa kitu, wakarudishwa njia ile ile. Wengi walikufa njiani, kando ya ziwa. Ni wangapi hasa, watu wanabishana mpaka leo. Na kila mwaka kuna wanaoitembea njia hiyo kuwakumbuka.

Mwenzangu aliyekuwa anaendesha hakusema "huzuni", wala hakusema "msiba". Alisema "dearóil", akawasha gari.

Njaa ile yenyewe wanaiita kwa majina mawili. Moja ni An Gorta Mór, njaa kubwa. La pili, linalotumika sana na wazee, ni An Drochshaol. Droch ni baya. Saol ni maisha, na pia ni dunia, na pia ni zama. Maisha mabaya, dunia mbaya, zama mbaya, vyote kwa pumzi moja. Kabla yake, sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane. Ya 1851 ilihesabu milioni sita na nusu. Milioni moja hivi walikufa, na wengine zaidi ya hao walipanda meli. Lugha nayo ilipigwa hapo hapo, kwa sababu waliokufa na waliohama zaidi ni wa magharibi na kusini, ndio hao hao waliokuwa wakikisema Kiairishi.

Hadithi ya kamusi, Mwenyekiti, ndiyo hii, fupi. Padri mmoja wa Kerry, Pádraig Ó Duinnín, alitoa kamusi ya Kiairishi 1904. Katika maasi ya Dublin ya 1916, bamba za chuma zilizochapia kamusi ile ziliteketea. Mtu mwingine angesema basi, Mungu hakutaka. Yeye akaanza upya, na ilipotoka 1927 ilikuwa nene kuliko ya kwanza kwa mbali. Nimemaliza, tuendelee.

Msije mkadhani Waairishi wanakaa siku nzima wakilia. Tena wana neno kali la kumsema mtu anayejiliza. Wanasema anavaa béal bocht, mdomo wa maskini. Unamjua huyo, hata hapa yupo, ukimwomba elfu kumi tu anaanza kukusimulia ada za watoto, paa linavuja, na mguu wa bibi. Sisi tunasema analialia shida. Tofauti ya béal bocht na dearóil ni kwamba ya kwanza unajivalisha mwenyewe, ya pili husemwi isipokuwa na mtu mwingine anayekuangalia, au wewe ukijiangalia kwa mbali kama mzee yule na mkono wake. Nilimsikia akilalamika juu ya chai, juu ya daktari, juu ya timu ya Galway. Hakuna hata mara moja aliyotumia neno hili kuomba kitu.

Kuna mchezo mmoja wa lugha ile ambao lazima niwaonjeshe, maana ni mtamu. Maneno ya heri mengi yanaanza na s, na ya shari yake yanaanza na d, mengine yote sawa. Sona ni mwenye furaha, dona ni mbaya. Saibhir ni tajiri, daibhir ni maskini. Suairc ni mchangamfu, duairc ni aliyenuna. Sochar ni faida, dochar ni madhara. Hata hewa: soineann anga safi, doineann dhoruba. Sisi tunayo heri na shari, raha na karaha, lakini hizo zimekutana kwa bahati. Wao wana kiwanda. Mzazi wa jambo hilo ni viambishi viwili vya kale sana, so- na do-, chema na kibaya, ambavyo vina ndugu zao mpaka Kisanskriti cha India. Nilipoujua mchezo huo nilifurahi, nikamwendea mzee: basi kama kuna dearóil, kuna searóil? Alicheka mpaka akakohoa. Hakuna. Dearóil si wa jozi hizo, d yake ina asili nyingine. Haina pacha.

Na kwa kuwa tunacheka: punda kwao anaitwa asal. Nilipomwambia kwamba kwetu asali ni kile kinachotengenezwa na nyuki, alinyamaza, akasema watu wenu lazima wawe wanawapenda sana punda.

Sasa kazi yenu. Redioni utasikia neno hili likisemwa juu ya uchumi, todhchaí dhearóil, mustakabali ambao ni dearóil. Mfasiri mvivu ataandika "mustakabali wenye giza" na msomaji atapita bila kuhisi kitu, tumeshaisoma giza hiyo mara elfu. Mimi ningeandika "kesho iliyokonda". Mtanipinga, pingeni. Kwa siku ya Novemba, nimefuata ya mama: siku ya baridi, imenyong'onyea. Kwa mtu, mnyonge, na ikiwezekana "yu mnyonge" ili ionekane ni hali. Kwa nyumba hiyo yenye watu tisa nimeandika na kufuta mara nyingi. "Nyumba duni" ni lugha ya ripoti ya mradi. "Kibanda cha kimaskini" kinamdharau mwenye kibanda. Nilipofika mwisho niliandika "nyumba nyonge", mhariri akaizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika: nyumba si mtu.

Ana haki, kwa kanuni. Lakini tunasema sauti nyonge, hakuna anayeshtuka. Tunasema taa inatoa mwanga mnyonge. Nani alitupa ruhusa ya sauti na mwanga akatunyima ya nyumba? Sijaona sheria hiyo popote, naona mazoea tu.

Nilimfundisha mzee neno letu, wiki zake za mwisho mwisho pale. Alilitamka "minyonge", akalizungusha mdomoni. Nikamweleza maana zake, mwili, mfuko, cheo, uso. Kila moja aliitikia. Kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye lile shamba. Punda alikuwa ameshahamishiwa kwa jirani mwenye zizi. Pale alipozoea kusimama pamebaki duara la tope, na majani yaliyolala upande mmoja.

"Na lile?" akauliza.

Nikamwambia hapana, shamba kwetu haliwi mnyonge.

"Cén fáth?" Kwa nini?

Nikamwambia chai yake inapoa.